Sukari Kwenye Uji wa Guka

Mahali penye mtandao mzuri kuliko kote nyumbani kwetu ni bafuni. Uikalie ndoo iliyofunikwa, mgongo uuegemeze ukutani, uso uuelekeze mlima wa Menengai. Hapo ndipo nilipofanyia masomo yangu ya uzamili. Mhadhiri alikuwa Florida, kwake saa moja jioni. Mimi nilikuwa Kiamunyi, Nakuru, saa nane za usiku, blauzi ya ofisini juu, leso na soksi za Baba Watoto chini, maana kamera haikufika huko.

Wiki ya kwanza nilisahau kuzima maikrofoni. Baba mkwe, ambaye nyumba nzima humwita Guka, yaani babu, kwa ajili ya watoto, aliamka kwenda msalani, akakuta pamekaliwa, akatoka nje. Aliporudi alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, kama aimbavyo kila akidhani yuko peke yake. Darasa zima likanyamaza likisikiliza. Mhadhiri akauliza wimbo huo ni wa nani. Nikasema ni wa baba mkwe wangu, aliutunga mwenyewe na kuurekodi mwaka 1974. Akauliza kama bado ni wake.

Nikafungua mdomo nijibu, mtandao ukakatika. Sijawahi kuushukuru mtandao mbovu kama usiku ule.

Jina la shahada lenyewe lilizua kesi. Biashara ya burudani. Baba Watoto alilisoma kwenye fomu mara mbili, akaniuliza, "Huku ni kusomea starehe, au kusomea kuwauzia watu starehe?" Nilipomwambia ni hilo la pili alisema afadhali, akatia sahihi ya mdhamini kwenye sacco. Mtamba wetu akauzwa Februari, tukabaki na mama yake. Kule Bahati kwa jamaa zake habari ilifika ikiwa imeota mabawa: mke wa kijana wetu ameuza ng'ombe akasomee udijei.

Haikuwa ndoto yangu ya utotoni. Nimekuwa mhasibu wa hoteli moja mjini kwa miaka tisa, na kila Jumapili asubuhi kazi yangu ilikuwa kuwalipa wanamuziki wa Jumamosi. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, tarehe 1 Desemba 2021, vijana walikuwa wameshaibandika jina la Nax Vegas, na kweli mwisho wa juma mji haulali. Meza yangu iliyaona ya asubuhi yake. Bendi ya watu sita ililipwa fedha za watu watatu. Mpiga kinanda alikatwa bia ambazo hakunywa. Mwimbaji aliambiwa aje Jumatatu, na Jumatatu akaambiwa mkubwa amesafiri. Nikiwauliza, "Mlikubaliana nini?" walitazamana kama watoto waliovunja chupa ya chai. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Mwaka huohuo mashindano ya Safari Rally yalirudi kwenye ratiba ya dunia baada ya miaka 19, Naivasha ikafurika magari na watu, nikaona jinsi vumbi la siku nne linavyoweza kuuzwa likipata mtu wa kulipigia hesabu. Nikataka kuwa mtu huyo.

Nilidhani nitafundishwa kujaza uwanja wa Afraha. Muhula wa kwanza wote tulifundishwa kusoma.

Kusoma mikataba, yaani. Wimbo uliorekodiwa, tuliambiwa, ni mali mbili zilizolala kitanda kimoja. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi yake, na kuna rekodi, yaani ule uimbaji ulionaswa siku ile studioni. Kila mali na mwenyewe, na wenyewe hao huenda hata hawaamkiani. Kwa sheria ya Kenya utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Rekodi yenyewe hupewa miaka 50 tu tangu mwisho wa mwaka iliponaswa. Changanya mali hizi mbili uone. Malaika umeimbwa kwenye harusi zote za Afrika Mashariki, lakini ukiuliza nani aliutunga, chai itapoa mjadala ungali mbichi: Fadhili William aliurekodi na kusema ni wake, wengine wakasema ni wao, na huku wakibishana Miriam Makeba na Boney M walikuwa wanauzungusha duniani.

Zamu yangu ya kuwasilisha ilipofika niliwapa Chemirocha, niwaonyeshe kwamba hata Bonde la Ufa lina kisa chake. Mwaka 1950 mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, na mashine yake ya kunasa sauti, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba kiumbe nusu mtu nusu paa. Kiumbe huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimetangulia kufika huku. Jina lilipita kwenye ndimi za wenyeji likatoka Chemirocha. Wamarekani darasani walicheka hadi wakajifuta macho. Kisha tukakaa nusu saa nzima tukijadili kama Rodgers angekuwa na dai lolote. Hana. Jina la mtu halina hakimiliki, hata ukiliotesha kwato.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuyaleta masomo haya mezani, penye chakula.

Kifungua mimba wetu ana miaka 15 na simu yenye kamera nzuri kuliko yangu. Kitinda mimba ana miaka saba na miguu isiyotulia. Mkubwa humpiga mdogo video akicheza na kuzituma mitandaoni, na duka moja la nguo likawapa shilingi 3,000 ili kitinda mimba acheze amevaa suruali zao. Wiki hiyo nilikuwa nasoma mambo ya arubuni, yale malipo ambayo kampuni humpa msanii kabla kazi haijaingiza kitu. Nikamwita kifungua mimba, nikamwandikia mkataba: arubuni ya shilingi 2,000, fungu lake asilimia 20 ya mapato, gharama zote zikatwe kwenye fungu lake. Alizipokea zile elfu mbili kwa mikono miwili na sahihi akaiweka bila kukaa.

Mwisho wa mwezi nikamsomea hesabu. Fungu lake, shilingi 600. Gharama za bando, nauli ya kwenda kupiga picha langoni kwa mbuga, na chipsi za mchezaji, shilingi 1,450. Ongeza arubuni. Ukitoa 600, deni lake kwangu ni 2,850.

"Mama, kwa hiyo nimefanya kazi mwezi mzima na bado unanidai?"

"Ndiyo."

"Na wewe umepata?"

"Elfu mbili mia nne."

"Huu ni wizi."

"Huu ni mkataba wa kawaida," nikamwambia, na sikumdanganya. Ndivyo mikataba mingi ya kurekodi ilivyo: gharama zinaramba fungu dogo la msanii mpaka liishe, fungu kubwa la kampuni likiwa limekaa pembeni halijaguswa. Nyota wameuza santuri kwa malaki huku vitabu vikionyesha wanadaiwa. Mtoto hakutaka kusikia habari za nyota. Alichukua karatasi yake akaenda moja kwa moja chumbani kwa Guka, akafunga mlango, kama mtu aliyeenda kwa wakili.

Guka alikuwa amekuja kwetu kwa wiki mbili tu, atolewe mtoto wa jicho. Akatolewa, akapewa miwani, na miwani ile ikamzuia kurudi Bahati, kwa sababu kwetu kulikuwa na vitu vingi vya kusoma. Alisoma magazeti, akasoma vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa, akasoma maandishi ya nyuma ya mfuko wa unga. Usingizi wake ni wa mzee, kipande hapa kipande pale, kwa hiyo usiku wa darasa alikuja kukaa kwenye kigoda nje ya mlango wa bafu, nami nikawa namtafsiria.

Usiku wa Solomon Linda ndio siusahau. Mzulu huyu alirekodi Mbube huko Johannesburg mwaka 1939, haki za wimbo zikamtoka kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962. Wimbo wake ulikuwa umevuka bahari ukageuka The Lion Sleeps Tonight, ukaja kuingia hadi kwenye filamu ya simba ya Disney. Mabinti zake walipata suluhu mwaka 2006, baada ya kesi. Nilipomaliza kutafsiri, Guka alikaa kimya kidogo.

"Huyo alipewa kumi?"

"Kumi."

"Mimi nilipewa mia tatu na nauli ya kurudi." Akanywa chai yake. "Nilimshinda."

Nikamuuliza kama kulikuwa na karatasi. Ilikuwepo, akasema, ya Kiingereza, akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Ilisemaje? "Ningejuaje, mama? Nilikuwa na njaa, na gari la mwisho la Nakuru lilikuwa linaunguruma nje." Nikamfanyia hesabu. Rekodi ya 1974 ilimaliza miaka yake 50 tarehe 31 Desemba 2024, kwa hiyo hata aliyemlipa mia tatu hana tena cha kumzuilia mtu. Utunzi nao ni wa Guka maisha yake yote na 50 zaidi, isipokuwa kama karatasi ile ilisema vingine. Iko wapi karatasi?

"Panya wa Bahati walishaisoma," akasema.

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa kuandaa tukio la burudani, kulitekeleza na kuliandikia ripoti. Wenzangu walichagua klabu na kumbi za kwao. Mimi nikachagua uani kwetu, ploti ya hamsini kwa mia, Jumamosi ya Agosti watoto wakiwa likizoni. Guka arudi jukwaani, na rafiki yake wa gitaa la besi aletwe kutoka Elburgon.

Bajeti niliiandika kwa rangi tatu. Hema na viti 100, shilingi 8,500. Vyombo vya sauti, 10,000. Mbuzi wawili, 17,000. Mchele, viazi na vikorokoro, 9,000. Guka 5,000, mpiga besi 2,000 na nauli yake 600. Jumla 52,100. Kiingilio shilingi 300, kwa hiyo ili nisipate hasara nilihitaji watu 174. Baba Watoto aliisoma akiwa amesimama, akiwa na mswaki mdomoni.

"Viti ni mia."

"Ndiyo."

"Hawa sabini na nne watakaa wapi?"

Nikamwambia watakaa kwa zamu. Kulikuwa na mstari mmoja aliouruka, nami pia niliuruka, na mpaka leo nikiufikiria naona haya: *Umeme, wa nyumbani, 0.*

Alichokipigia kelele ni vibali. Ukishawakatia watu tiketi, uani kwako si uani tena, ni ukumbi, na muziki wa mtu mwingine ukipigwa pale lazima ulipiwe leseni. Juu ya hapo ziko kanuni za kelele za mwaka 2009, spika haziwashwi hivihivi kama taa ya koroboi. "Nikaombe ruhusa ya kupiga muziki kwangu mwenyewe?" akauliza. Nikamwambia si kwake, ni kwa mwandalizi, na mwandalizi ni mimi. Alitema mswaki.

Mkataba wa Guka niliunakili kutoka kwenye mfano tuliopewa darasani, vifungu tisa, nikaugeuza Kiswahili. Kifungu cha saba kilisema msanii akicheleweshwa saa moja au zaidi kwa kosa la mwandalizi, atalipwa malipo yake yote na hatalazimika kupanda jukwaani. Kifungu cha tisa kilimsamehe mwandalizi yakitokea mambo yasiyozuilika: mvua kubwa, tetemeko, vita. Nilivitia kwa sababu vina alama. Guka alikaa na mkataba ule siku mbili, miwani usoni na kioo cha kukuzia mkononi, akipita kila neno kama mtu anayechambua mchele. Siku ya tatu akaniita. Anakubali yote, ila kifungu cha nne kiongezwe maneno: apewe uji wa wimbi saa nane kamili, usiwe na sukari hata chembe.

Nikacheka, kwa sababu nilijua alikoitoa. Ni mimi niliyemsimulia habari za Van Halen, bendi ya roki ya Marekani. Mkataba wao wa mwaka 1982 ulidai bakuli la peremende za M&M's zilizochambuliwa, za kahawia zote zikatolewa. Watu walisema ni kiburi cha nyota. Kumbe ulikuwa mtego. Jukwaa lao lilikuwa zito na lenye nyaya chungu nzima. Wakifika wakakuta ya kahawia bakulini, walijua mwenyeji hakusoma mkataba, basi wakakagua sakafu na umeme wenyewe kabla paa halijawaangukia.

Siku ikafika. Saa nane kamili shangazi wa Molo, dada yake Guka, akampelekea uji kwenye kikombe cha bati. Guka akaonja mara moja, akakiweka chini.

"Nani hapa amesoma kifungu cha nne?"

Shangazi akasema uji bila sukari ni wa wagonjwa, ametia vijiko viwili tu, na lini mtu akaanza kusomewa sheria kwa ajili ya uji. Watu wakacheka. Guka hakucheka. Alinitafuta kwa macho, mimi nikiwa na sinia la viazi.

"Mama, kama sukari imewapita, umeme mmeuangalia?"

"Umeme upo, Guka," nikamwambia nikipita.

Na ulikuwepo. Ulikuwa kwenye spika mbili kubwa kama makabati, kwenye amplifaya, kwenye friji ya jirani tuliyoazima kupozea soda, kwenye birika la shangazi, na kwenye pasi ya Baba Watoto, aliyekuwa akinyoosha shati la tatu baada ya mawili ya kwanza kurukiwa na mafuta. Saa kumi kasorobo, kitinda mimba akiwa katikati ya uani akizungusha kiuno na watu wakianza kurusha sarafu, muziki ukakata. Nikakimbilia mita. Sufuri.

Naomba msomaji anifuate polepole hapa, kwa sababu nimelazimika kuyaeleza haya mara nyingi. Tokeni hununuliwa kwa simu. Simu yangu ilikuwa langoni kwa kifungua mimba, ikipokea viingilio. Kwa kupokea viingilio tangu saa sita, ilikuwa imeisha chaji. Kuichaji kunataka umeme. Baba Watoto akasema nisiwe na wasiwasi, akatoa yake, akanunua tokeni za elfu moja kwa nambari ya mita iliyohifadhiwa humo, tarakimu 20 zikaja, akazibonyeza, mita ikazikataa. Akazibonyeza tena. Shangazi akavaa miwani ya Guka akamsomea moja moja. Mita ikakataa. Ndipo ikabainika kwamba nambari iliyohifadhiwa kwenye simu ya mume wangu ni ya nyumba ya Bahati. Nyumba ya Bahati ilikuwa sasa na umeme wa elfu moja, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuwasha taa, maana wote walikuwa uani kwangu wakila mbuzi.

Jenereta lilikuwepo. Petroli yake haikuwepo. Shemeji, ndugu mdogo wa Baba Watoto, alikuwa ameifyonza asubuhi kwa mpira na kuitia kwenye pikipiki, ili amlete mpiga besi kutoka Elburgon na ile 600 ya nauli ibaki mfukoni mwake. Nilipomtazama akasema ni kubana matumizi. Tukamtuma na dumu kituo cha petroli. Mpiga besi, mzee mpole sana, alikuwa anakula.

Guka alikaa kwenye kiti chake chenye mgongo, koti limefungwa vifungo vyote, gitaa mapajani, macho kwenye saa ya mkononi. Saa yake ya kupanda ilikuwa saa kumi. Saa kumi na nusu nilimpelekea maji. Hakuyataka. Saa kumi na moja kamili akasimama.

"Kifungu cha saba," akasema.

"Guka, tafadhali. Watu wamelipa."

"Na mimi nilipwe."

Nikamshika mkono, nikamwambia umeme ni jambo lisilozuilika, tusome kifungu cha tisa. Akautoa mkataba mfuko wa ndani wa koti, umekunjwa mara nne, akausoma kwa sauti mbele ya wageni na mbele ya shangazi wa Molo. Mvua kubwa. Tetemeko. Vita. Akaangalia juu. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya Menengai, meusi, lakini uani petu palikuwa pakavu kama mkeka. "Mvua iko wapi?" akaniuliza kwa upole. Nikahesabu noti tano za elfu mojamoja. Naye akazihesabu. Akamkabidhi kitinda mimba gitaa, akaenda zake kulala.

Dakika kumi hivi baadaye upepo ukashuka. Wasemao jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la vumbi wangefika barabara yetu jioni ile wasingehitaji ushahidi mwingine. Vumbi lilitangulia, likafunga macho ya watu, kisha mvua ikapiga chini kama imemwagwa kwa ndoo, na hema likang'oka vigingi vitatu, likajikunjua, likasimama wima kama mtu aliyesahau kitu, halafu likaenda. Tulilikuta limekaa juu ya mparachichi wa jirani. Katikati ya vurugu hiyo, sufuria ya pilau ikiogelea, dirisha la chumba cha Guka likafunguliwa kidogo.

"Mama! Hiyo sasa ndiyo ya kifungu cha tisa!"

Darasani tulikuwa tumelisoma tamasha la Fyre la Bahamas, mwaka 2017, ambapo wageni waliahidiwa anasa wakakuta mahema ya dharura na mkate wa jibini, na mwandalizi wake akaja kuhukumiwa miaka sita. Nilijifariji kwamba sisi angalau tulikuwa na mbuzi. Walikula watu 137. Waliolipa ni 61. Shilingi 18,300 ziliingia, 52,100 zilikuwa zimetoka, hasara 33,800, bila kuhesabu mshono wa hema na tokeni zilizobaki zinangoja Bahati.

Faida ilienda kwa kifungua mimba. Alikuwa amelipiga video hema tangu kigingi cha kwanza hadi mparachichini, na video ile ikatazamwa kuliko zote alizowahi kutuma. Nikamkumbusha tuna mkataba. Akaenda chumbani kwa Guka, akarudi. Mkataba, akanionyesha kwa kidole, unasema *video za kitinda mimba akicheza*. "Hema halichezi, Mama. Hema limepaa."

Ripoti niliiandika bila kuficha sukari. Alama nilizopewa zilikuwa nyingi kuliko nilizostahili. Pembeni mwa kifungu cha saba mhadhiri alipiga mstari mara mbili akaandika kwamba hajawahi kuona msanii akikitumia kwa mkwe wake. Swali moja tu aliliacha wazi chini: nani mwenye wimbo ambao haukuimbwa?

Oktoba tuliurekodi upya, chumbani kwa Guka, magodoro mawili yakiwa yameegemezwa mlangoni ili tusisikie kuku. Kifungua mimba anataka kuuweka kuwa mwito wa simu, ule anaousikia mtu akikupigia kabla hujashika. Safari hii mkataba aliuandika Guka, kwa kalamu ya risasi, nyuma ya kalenda. Sheria ya mwaka 2022 inasema mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito hiyo, na hiyo 52 aliizungushia duara. Ndani ya hiyo 52, kumi ni za mjukuu, kwa mashine yake na jasho lake, na hakuna arubuni kwa mtu yeyote. Shahidi ni mpiga besi. Mimi sina kitu humo.

Novemba Marekani walirudisha saa nyuma kama desturi yao, bila kuiambia Kiamunyi. Nikakaa bafuni saa nzima tangu saa nane, blauzi imenyooka, nikijitazama kwenye kioo cha kompyuta peke yangu. Darasa likaanza saa tisa. Lilipokaribia kwisha tulikuwa kwenye habari za kutumia wimbo wa mtu ndani ya filamu, nani huombwa kwanza, mwenye utunzi au mwenye rekodi, na nje nikasikia ndoo ya maziwa ikiwekwa chini. Kisha ule wimbo. Maikrofoni, kama kawaida yangu, ilikuwa wazi.

Mhadhiri akainua mkono kutunyamazisha. "Ni ule ule," akasema. "Sasa unajua ni wa nani?"

"Mwenyewe yuko nje anakamua," nikamwambia. "Ngoja nimuulize."

Nikapanda juu ya ndoo, nikafungua kidirisha, nikamwita. Alinijibu bila kuachia chuchu.

"Wanataka kuusikiliza au kuutumia?"

Nikawauliza. Wakasema kusikiliza tu.

"Kusikiliza ni bure," akasema Guka. "Wakitaka kuutumia, wasubiri nimalize kukamua, nivae miwani."